Ng'ombe wa Ukutani

Ng'ombe amechorwa ukutani. Amesimama kwenye majani na kugeuza shingo kidogo kumtazama mpita njia. Andika BUCHA chini yake, na ng'ombe huyo atachinjwa, au kama jua limeshapanda, ameshachinjwa. Futa neno hilo uandike MAZIWA FRESHI, na yuleyule sasa anakamuliwa na miaka mingi bado iko mbele yake. Futa tena uandike DAWA ZA MIFUGO, basi anaumwa na duka hili litamponya. Mchoro haujaguswa hata kwa ncha ya brashi. Herufi chache tu zimeamua kama mnyama anakufa, anaishi au anaugua.

Wasomi wa elimu ya ishara wamelifanyia kazi sana jambo hili. Mwaka 1964 Mfaransa Roland Barthes aliandika makala ndefu akichambua tangazo moja tu, la tambi za Panzani. Humo alieleza kwamba picha peke yake ina maana nyingi mno, na kwamba neno linaloandamana nayo hufanya moja ya kazi mbili: ama huifunga picha kwenye maana moja isitangetange, ama hupokea habari pale picha ilipoishia na kuisogeza mbele. Naipenda makala ile. Lakini mchora mabango wa Manzese au Kariobangi, ambaye hajapata kuisikia, huzigawa kazi hizo mbili kila anapokodiwa. Tena huzigawa akiwa juu ya ngazi, mwenye duka amesimama chini akimwambia aongeze maneno.

Tumrudie ng'ombe. Mchoraji wa kawaida huchora ng'ombe basi, ng'ombe wa mahali popote, kisha akalitegemea neno BUCHA limsaidie. Mchoraji aliyekomaa hafanyi hivyo. Ng'ombe wake wa bucha ana nundu, rangi ya kahawia au nyekundu ya udongo, kifua kipana, mkia mrefu: ng'ombe wetu wa kienyeji, yule anayefika mnadani kwa miguu. Wa maziwa humchora ana mabaka meusi na meupe, mgongo umenyooka, nundu hakuna, kiwele kimejaa hadi chuchu zimetawanyika. Mtu anayekuja kwa daladala hajaweza kusoma hata herufi moja, naye ameshajua kinachouzwa. Basi neno limebaki na nafasi ya kufanya kazi nyingine. Linaweza kutaja jina la mwenye bucha. Linaweza kuwa HALALI, na mwezi mwandamo pembeni, jambo ambalo ng'ombe hawezi kulionyesha kwa umbo lake hata achorwe vizuri namna gani.

Huo ndio ufundi ninaouheshimu. Mikono inayoweza kuchora uso ufanane na mwenyewe ni mingi mjini. Ni wachache wanaojua picha iseme nini, neno liseme nini, na lipi lisisemwe mara mbili.

Angalia jinsi kazi yenyewe inavyokwenda. Ukuta hukwanguliwa rangi ya zamani iliyobabuka, hupigwa msasa, hupakwa undakoti, kisha huachwa ukauke. Rangi ya mwisho ni ya mafuta, ile inayong'aa na kustahimili mvua. Ni jamaa ya rangi aliyoitumia Edward Saidi Tingatinga kwenye vipande vyake vya mbao za dari mwishoni mwa miaka ya 1960, rangi ambayo watu waliizoea kwenye baiskeli. Ubaya wake ni kwamba haina haraka ya kukauka, na barabara zetu zina vumbi. Fundi huanza asubuhi mapema kabla upepo na magari havijaamka, la sivyo herufi zake zitakauka na mchanga ndani.

Halafu hupigwa mistari. Uzi hupakwa chaki, mtu mmoja hushika ncha hii na mwingine ile, huvutwa hadi ukakaza, kisha huinuliwa katikati kwa vidole viwili na kuachiwa. Ukipiga ukuta huacha mstari mweupe mwembamba ulionyooka kuliko rula yoyote ya dukani. Mistari miwili, wa juu na wa chini, na herufi zitaishi katikati yake.

Hapa ndipo macho yanapoanza kuishinda hesabu. Mwanafunzi hupima upana wa ukuta, huugawa kwa idadi ya herufi, kisha hutoa visanduku vilivyo sawa. Akiandika HOTELI hivyo, I inabaki imesimama pweke katikati ya sanduku lake, kana kwamba imenuniana na wenzake. Akiandika BUCHA, C inaacha uwazi upande wake wa kulia, na A iliyochongoka juu inaacha pembe tupu kati yake na H. Kwa rula kila kitu ni sawa, ila neno limepasuka vipande. Fundi haulizi herufi ziko mbali kiasi gani, huangalia uwazi uliobaki kati ya herufi na herufi, na uwazi huo ndio anaousawazisha. A huisogeza karibu na H. I huibania nafasi. Na O ya HOTELI huivusha mstari kidogo, juu na chini, kwa unene wa kucha tu, kwa sababu O iliyopangwa barabara ndani ya mistari huonekana fupi kuliko H iliyo jirani yake. Jicho la mpita njia halitaugundua ujanja huo, ingawa bila huo lingesumbuka.

Brashi ya herufi ina nywele ndefu na huvutwa kwa pumzi moja, kutoka juu kwenda chini, bila kuinuliwa. Mkono unaoandika huegemea ufito au mkono wa pili, na bega ndilo linalosafiri. Vidole vikianza kuandika vyenyewe, herufi hutetemeka. Ukisogea karibu na bango lililoandikwa vizuri, utaona mahali mchoraji alipoanza kila mkwaju na alipoumalizia, maana rangi ni nzito kidogo mwishoni. Kisha kivuli. Kivuli cha herufi lazima kianguke upande mmoja kwa zote, tuseme kulia na chini, kana kwamba jua moja limeziangaza. Kwa H na L ni kazi rahisi. Kwa S, yenye tumbo huku na mgongo kule, kivuli huingia na kutoka, na hapo ndipo wengi huumbuka. Ukitaka kujua kama fundi ni fundi, tafuta S yake.

Kuna mengine madogo ambayo mtu huyapita. Kikombe cha chai kwenye ukuta wa mgahawa kina mistari mitatu iliyopinda juu yake. Mvuke wa kweli haufanani na mistari mitatu, lakini hakuna mteja anayeuliza ile ni nini. Mmarekani Charles Sanders Peirce, aliyefariki 1914, aliziainisha ishara katika makundi matatu: zinazofanana na kitu, zinazoguswa na kitu kama moshi unavyoguswa na moto, na zile ambazo watu wamekubaliana tu. Mistari mitatu ya chai inachezea makundi yote matatu. Inafanana kidogo na mvuke, inadai kwamba kuna moto jikoni sasa hivi, na tunaielewa kwa sababu tumeizoea. Kisha kuna mwelekeo. Mchoraji makini humwelekeza ng'ombe mlangoni, na vilevile mama aliyebeba sinia na pikipiki iliyochorwa kwa fundi pikipiki. Kiumbe anayetazama upande wa pili humpeleka mteja kwa jirani.

Kinyozi ni habari ya pekee. Ukuta wake hauhitaji neno hata moja. Vichwa vimepangwa safu, kila kimoja na mtindo wake, panki, kiduku, kipara, pengine na namba chini, na mteja anaingia, anaonyesha kwa kidole, anakaa. Picha imekuwa lugha kati ya watu wawili ambao mmoja wao yuko karibu kushika wembe shingoni mwa mwenzake, kwa hiyo kutoelewana si jambo la kufanyia mzaha. Halafu katikati ya vichwa hivyo unamkuta Tupac, kitambaa kimefungwa kichwani, na chini ya kitambaa upara. Hauzi mtindo wowote wa nywele. Anauza habari kwamba hapa ni mahali pa vijana na muziki utakuwa juu.

Kampuni za simu zilipokuja na huduma za pesa, baada ya M-Pesa kuanza Kenya mwaka 2007, zilileta mbinu nyingine: kupaka duka zima rangi moja. Kijani cha Safaricom, nyekundu ya Airtel. Rangi ikawa neno. Mtu asiyejua kusoma hutafuta kijani na kutoa pesa zake bila wasiwasi. Kama njia ya kufikisha ujumbe inafanya kazi, siwezi kubisha. Kama uchoraji, imeichosha mitaa. Jina la mwenye duka limesukumwa kwenye kona, herufi ndogo, na ng'ombe hana pa kusimama.

Kuna pia kuta zinazoandikwa bila ufundi wowote, na kwa mtu anayependa ishara hizo nazo zina utamu wake. USIKOJOE HAPA, kwa herufi zilizochuruzika, ni amri, lakini pia ni ushahidi: hakuna anayeandika hivyo mahali ambapo hapajakojolewa. NYUMBA HII HAIUZWI ni hivyohivyo. Nyumba ambayo kweli haiuzwi haisemi kitu. Hiyo inayosema, pana mtu ameshajaribu kuiuza, pengine ndugu wa damu, pengine dalali mwenye hati za kughushi, na maneno matatu ya rangi ni muhtasari wa kesi. Msomaji anayapita maneno na kuusoma ugomvi ulio nyuma yake.

Na alama iliyo fupi kuliko zote ni X. Tanzania, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya zamani zilipigwa X nyekundu, yaani ziondoke. Zilizokuwa nje na kujikuta ndani kwa sababu ya sheria mpya zilipigwa X ya kijani, yaani wenyewe wanastahili fidia. Mkono ulioichora X hiyo haukujali uzi wa chaki wala kivuli. Mikwaju miwili, basi. Lakini hakuna mchoro wa fundi yeyote uliosomwa kwa makini kama ule. Mswisi Ferdinand de Saussure alifundisha Geneva, kabla ya kufariki mwaka 1913, kwamba ishara hupata maana kwa kutofautiana na ishara nyingine iliyo jirani nayo. Familia zilizoishi kando ya barabara kuu hazikuhitaji kufundishwa. Umbo lilikuwa moja. Rangi ndiyo iliyosema kama utaondoka na kitu au mikono mitupu.

Wapo waliochukua mbinu hizi za mtaani wakazipeleka kwenye siasa, na mfano ninaourudia mara kwa mara ni wa Nairobi. Februari 2012, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu, mpiga picha na mwanaharakati Boniface Mwangi pamoja na kundi la wachora grafiti walichora ukutani, Mtaa wa Muindi Mbingu karibu na City Market, mwanasiasa aliyevaa suti. Juu ya kola, badala ya uso, pana kichwa cha ndege mla mizoga.

Mtu mvivu angesema ni tusi tu. Lakini angalia mgawo wa kazi. Ndege peke yake, bila suti, angekuwa ndege wa porini, tena asiye na hatia, maana kula mizoga ndiyo riziki yake. Mtu mwenye suti bila ndege angekuwa mheshimiwa yeyote. Pale viwili vilipokutanishwa shingoni, suti ikawa mashtaka: huyu hakuzaliwa kula mizoga, amechagua. Kisha maneno. Wachoraji hawakuandika kwamba wabunge ni wezi, kwa sababu picha ilikuwa imeshasema. Walimpa ndege mwenyewe sauti, akajisifu kwamba anachukua kodi za watu na mashamba yao, na bado wajinga wale watampigia kura. Hapo lawama ikamgeukia msomaji aliyesimama kando ya barabara na mfuko wake wa sokoni. Barthes angelitambua neno la aina hiyo mara moja, lile linalopokea habari pale picha ilipoishia.

Na kuna kipande kimoja zaidi ambacho nadhani ni werevu wa mchora mabango hasa. Maandishi yalisema kwamba wabunge wamekuwa wakiwaumiza Wakenya tangu 1963. Tangu 1963! Ndivyo duka la zamani linavyojitapa kwenye bango lake: tunawahudumia tangu mwaka fulani. Mwaka wa uhuru, ambao kila mtoto wa shule Kenya anaujua kwa heshima, umeandikwa kama mwaka ambao biashara ilifunguliwa. Hakuna picha inayoweza kufanya hivyo. Ni kazi ya neno na tarakimu, na mchoraji aliliachia neno.

Miaka minne kabla ya hapo, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipokuwa zinaiunguza Kibera, Solomon Muyundo, anayejulikana kwa jina la Solo 7, alikuwa amefanya kinyume chake kabisa. Hakuchora chochote. Aliandika, kwa rangi na brashi, maneno machache ya kuwasihi Wakenya wenzake wadumishe amani, akayarudia kwenye kuta, mabati na milango ya vibanda mtaa mzima. Kuna wanaosema maneno matupu si uchoraji. Sikubaliani nao. Wakati ule kila picha ingekuwa na sura, na kila sura ingesomwa kama kabila. Maneno hayana pua wala jina la ukoo. Kuacha picha ulikuwa uamuzi wa fundi, na kurudia ndiko kulikoyapa uzito: neno lililo kwenye mlango mmoja ni maoni ya mwenye mlango, lililo kwenye milango yote limekuwa la mtaa.

Upande mwingine kabisa yuko Elimo Njau, Mchagga wa Kilimanjaro aliyesomea Makerere. Kufikia 1959 alikuwa amekamilisha michoro mitano kwenye kuta za kanisa la Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane, kusulubiwa. Watu ni Waafrika, nyumba ni za Kikuyu, vilima ni vya palepale. Maneno hayapo, na hayakuhitajika, kwa kuwa waumini waliingia nayo vichwani. Njau alilijua hilo, ndiyo maana akaweza kuhamisha kila kitu kingine, sura, mavazi na ardhi, bila habari yenyewe kupotea. Hangeweza kufanya hivyo mbele ya watu wasioijua Injili, wangeona tu mtu wa kijijini akiuawa mlimani. Pale Murang'a, miaka ile, waumini waliona vyote viwili kwa pamoja, na sidhani kama kuna sentensi ambayo ingeweza kuwaonyesha hivyo.

Siku hizi mabango mengi huchapishwa kwa mashine kwenye plastiki. Ni ya haraka, yana picha za kupakua za sahani za kuku ambazo hazijawahi kupikwa mtaani kwetu, na mwenye duka hujaza maneno hadi pembeni kwa sababu neno la ziada halimwongezei gharama. Jua huyafubaza na upepo huyachana. Silaumu, kila mtu na mfuko wake. Ila mchoraji bado yupo, kwenye kona ya mtaa, makopo yake chini ya ngazi. Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye maduka. Ukimwita, mwambie unauza nini na wateja wako hutokea upande gani wa barabara. Akikushauri upunguze maneno, mkubalie. Mlipe ya undakoti pia, kisha ukae mbali na ngazi hadi amalize.